"HAKUKUSUDIA" SI DAWA YA JERAHA

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeimba tangu shule ya msingi, na aghalabu tukiiandika katika insha huwa tunafikiria wanasiasa na wananchi. Leo mimi nataka kuitumia kwa watu wengine kabisa, nao ni waamuzi wa mistari katika mchezo wa tenisi ya kulipwa. Najua wengine wenu mshaanza kucheka. Shule yetu haina hata raketi moja, uwanja wa tenisi hatuujui, sasa mambo hayo yanatuhusu nini? Nivumilie kidogo, mpenzi msomaji, nikueleze nilivyofika huko.

Muhula uliopita tulikuwa na mechi za kandanda baina ya madarasa. Mimi mguu wangu si wa mpira, kwa hivyo nikapewa kibendera, yaani kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kijiti, nisimame kando ya mstari. Katika kipindi cha pili mshambulizi mmoja wa kidato cha nne akawa ameotea. Nikainua kibendera, bao likakataliwa. Jamaa akauweka mpira chini, akaupiga teke kwa hasira zake zote, nao ukanipata hapa chini ya sikio. Niliona nyota mchana. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilipokwenda kushtaki niliambiwa, "Aa, huyo hakukusudia. Peaneni mikono yaishe." Tukapeana mikono. Lakini sikio liliendelea kulia ngiii mpaka nikafika nyumbani, na njia ya kwetu si fupi.

Neno hilo "hakukusudia" lilinikaa rohoni. Jioni nilipomsimulia kaka yangu, badala ya kunipa pole alitoa simu akasema, "Hebu ona, hata huko kwa wakubwa watu wanagongwa." Akanionyesha picha za Novak Djokovic akimgonga mwamuzi kwa mpira huko New York mwaka wa 2020. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za waamuzi hawa kila ninapoazimwa simu hiyo. Haya ndiyo niliyoyapata, na maoni yangu ndiyo haya.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Katika mechi kubwa za tenisi, mbali na mwamuzi mkuu anayekaa juu ya kiti kirefu, kulikuwa na waamuzi wa mistari hadi tisa. Kila mmoja alipewa mstari wake. Wengine walisimama kando, wengine nyuma kabisa ya wachezaji, na kazi yao ilikuwa kusema kama mpira umetua ndani au nje. Sasa angalia hatari iliyopo. Mwamuzi huyo ameagizwa akazie macho mstari. Haruhusiwi kuzubaa wala kutazama huku na kule. Mtu anayetazama mstari hawezi wakati huo huo kuulinda uso wake. Mashabiki walioketi mbali wanaweza kukwepa, lakini yeye ni kama mlinzi aliyefungwa mikono.

Na mpira wenyewe si wa matambara kama ule tuliochezea utotoni. Una uzito wa gramu 56 hadi 59 hivi. Ni mwepesi kweli, lakini mwendo wake ndio wa kutisha. Matatu zetu hapa Kenya zinatakiwa kisheria zisizidi kilomita 80 kwa saa. Mwaka wa 2016 Mmarekani John Isner alianzisha mpira uliokwenda kilomita 253 kwa saa! Uwanja mzima wa tenisi una urefu wa mita 23.77 tu, kwa hivyo mpira kama huo hufika upande wa pili kabla ya sekunde moja kwisha. Utaukwepa vipi, na wewe macho yako yako chini?

Kwa maoni yangu hatari zinazowakabili waamuzi hawa ni za aina tatu, na kosa letu kubwa ni kuzichanganya.

Hatari ya kwanza ni ile ya mchezo wenyewe. Mnamo Septemba 1983, katika mashindano ya vijana ya US Open mjini New York, mwamuzi mmoja aliyeitwa Dick Wertheim alikuwa akilinda mstari wa katikati. Alikuwa mzee wa miaka ya sitini. Kijana wa Kiswidi, Stefan Edberg, alianzisha mpira, nao ukampiga mzee huyo kwenye kinena. Akaanguka kinyumenyume, kichwa kikagonga sakafu ngumu ya uwanja. Siku chache baadaye, tarehe 15 Septemba, akafariki dunia. Edberg alikuwa na umri wa miaka 17. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa akicheza mchezo wake inavyotakiwa, na baadaye akaja kuwa bingwa mkubwa aliyeshinda mataji sita makuu. Familia ya marehemu ilikwenda mahakamani, lakini mwishowe mahakama ya rufani haikulitia hatiani shirikisho la tenisi la Marekani.

Hapa, mpenzi msomaji, neno "hakukusudia" ni la haki. Ajali haina kinga wala kafara. Hata hivyo, kusema ni ajali kusitufanye tukunje mikono. Fundi wa nyumba akianguka kutoka kwenye jukwaa tunasema ni ajali, lakini bado tunauliza kama jukwaa lilikuwa imara. Vivyo hivyo, mwamuzi anasimama wapi? Anasimama vipi? Je, ana umri na nguvu za kuhimili kazi hiyo? Daktari yuko karibu? Maswali haya hayamlaumu mchezaji. Yanawahusu wenye mashindano, ambao ndio hukusanya pesa za milangoni.

Hatari ya pili ni ile ya hasira, na hapa ndipo penye ugomvi wangu. Mnamo Februari 2017 Kanada ilikuwa ikicheza na Uingereza katika Kombe la Davis mjini Ottawa. Denis Shapovalov wa Kanada alikuwa akishindwa. Alipopoteza pointi moja, akatoa mpira wa akiba akaupiga kwa nguvu bila kuangalia unakokwenda. Ukampata mwamuzi mkuu, Arnaud Gabas wa Ufaransa, kwenye jicho la kushoto. Mfupa wa chini ya jicho ukavunjika, na mwamuzi akahitaji kufanyiwa upasuaji. Shapovalov akaondolewa, Kanada ikapoteza tie nzima, naye akatozwa faini ya dola 7,000.

Je, Shapovalov alikuwa na miaka mingapi? Alikuwa na 17! Umri ule ule wa Edberg. Vijana wawili, wote wamenizidi mwaka mmoja tu. Wote hawakukusudia kumwumiza mtu. Lakini hebu niambieni, je, makosa yao ni sawa? La hasha! Mmoja alipiga mpira kwa sababu mchezo ulimtaka aupige. Mwingine aliupiga kwa sababu moyo wake ulikuwa unachemka. Kweli hakukusudia kulipata jicho la mtu, lakini alikusudia kuupiga mpira, na alijua uwanja una watu. Nakiri kwamba kijana huyo aliona haya, akamwomba mwamuzi radhi. Nampongeza kwa hilo. Lakini radhi haiungi mfupa.

Mfano mwingine ni wa mwaka wa 2012 katika fainali ya Queen's Club, London. David Nalbandian wa Argentina alikuwa ameshinda seti ya kwanza dhidi ya Marin Čilić. Katika seti ya pili mambo yakaanza kumwendea mrama. Akaenda akapiga teke ubao wa matangazo uliokuwa mbele ya kiti cha mwamuzi wa mstari. Ubao ukavunjika, ukamchana mwamuzi muundi, damu ikatoka watu wakiona. Nalbandian akafukuzwa, ushindi akapewa Čilić. Nalbandian naye hakukusudia kumchana mtu, alikusudia kupiga ubao. Lakini ubao ulikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa ameketi kazini kwake.

Sasa turudi kwa Djokovic, ambaye habari zake ndizo zilizoniingiza katika mada hii. Tarehe 6 Septemba 2020 alikuwa akicheza na Pablo Carreño Busta wa Uhispania katika raundi ya nne ya US Open. Mwaka ule alikuwa hajashindwa hata mechi moja, alikuwa ameshinda 26. Akajikuta nyuma kwa michezo mitano kwa sita. Kwa kuudhika akatoa mpira akaupiga nyuma bila kutazama. Haukuwa mpigo mkali sana. Lakini ukampata mama mmoja mwamuzi wa mstari kooni, akaanguka akihangaika kupata pumzi. Djokovic akamkimbilia kumwangalia. Kisha yakafuata mazungumzo marefu na wakubwa wa mashindano, na mwishowe akaambiwa aende nyumbani. Alipoteza dola 250,000 za zawadi alizokuwa amefikia, akatozwa faini ya dola 10,000 juu yake. Hasira, hasara! Hapo methali imetimia neno kwa neno.

Nilipolileta jambo hili katika mjadala wa chama chetu, wenzangu wengi walimtetea Djokovic. Mmoja alisema, "Mpira ulikuwa wa polepole." Mwingine akasema, "Ungepita kando ya shingo yake kidogo tu, hakuna ambaye angejali." Na wa tatu akaleta lile neno langu: "Jamani, hakukusudia!"

Nawajibu hivi. Sheria za mashindano makuu ya tenisi haziulizi tu kama mtu alikusudia kuumiza. Zinakataza kupiga mpira kwa njia ya hatari au bila kujali matokeo yake. Maana yake ni kwamba mkono wako una wajibu hata kama roho yako ni safi. Na ndivyo inavyopasa kuwa. Dereva anayeendesha gari akiwa amefumba macho hawezi kumwambia askari kwamba hakukusudia kumgonga mama mwenye kikapu. Kosa lake lilianza pale alipofumba macho. Kwa hivyo nasema uamuzi wa kumfukuza Djokovic ulikuwa wa haki, japo ni bingwa, japo watu walilipa runinga kumtazama. Tena nasema ulikuwa wa haki hasa kwa sababu ni bingwa. Kama sheria ingemwogopa yeye, ingebaki kuwa sheria ya wanyonge tu.

Lakini yule mwenzangu wa pili aligusa ukweli mmoja, nami sitaki kuwa kichwa ngumu. Ni kweli mpira ule ungepita kando, mambo yangeisha hivi hivi. Aghalabu mchezaji akipiga mpira kwa hasira na usimpate mtu, hupewa onyo au faini, mchezo unaendelea. Yaani kitendo ni kile kile, tofauti ni bahati. Ala! Sheria inangoja damu ndipo iamke? Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kurekebisha. Mchezaji yeyote anayepiga mpira kwa hasira kuelekea mahali penye watu, hata usipomgusa mtu, apoteze mchezo mzima wa seti ile hapo hapo, bila kuanza na onyo. Akirudia, aondoke. Nawahakikishieni mikono itatulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatari ya tatu haitoki kwenye raketi, inatoka kinywani. Mwaka wa 2009, katika nusu fainali ya US Open, mwamuzi wa mstari alisema kwamba Serena Williams alikanyaga mstari wakati wa kuanzisha mpira. Serena akamwendea akimfokea kwa matusi na vitisho, huku akimwelekezea mpira. Akanyang'anywa pointi, na kwa kuwa ilikuwa pointi ya mwisho, Kim Clijsters akapata ushindi. Baadaye Serena akatozwa faini ya dola 82,500. Mimi ni shabiki wa dada huyo, mashujaa kama yeye ni wachache. Lakini ukweli usemwe hata kama ni mchungu. Mwamuzi yule alikuwa mtu mfupi wa cheo mbele ya nyota wa dunia, na alikuwa akifanya kazi aliyotumwa.

Siku hizi kinywa kimepata miguu. Yule mama aliyepigwa kooni mwaka wa 2020 alitukanwa kwenye intaneti na watu wasiomjua, ati kwa nini aliumia! Djokovic mwenyewe ilibidi awaombe mashabiki wake wamwonee huruma mama huyo. Fikirieni jambo hilo, wenzangu. Unapigwa kazini, halafu unatukanwa kwa kupigwa. Mimi nilichekwa na uwanja mmoja wa shule nikaona dunia imeisha. Sembuse yeye aliyesemwa na ulimwengu mzima?

Huenda mtu akaniuliza, "Kwani hujui waamuzi hao washaondolewa? Unalia msiba uliokwisha kuzikwa." Naam, najua. Mashindano ya Australia ya mwaka wa 2021 yalikuwa ya kwanza miongoni mwa makuu manne kuchezwa bila mwamuzi wa mstari hata mmoja. Kamera na kompyuta ndizo zilizoamua. Mwaka wa 2025 hata Wimbledon, mashindano yaliyoanza 1877, iliwaondoa. Na jambo la ajabu ni kwamba mwaka ule wa 2020, kwa sababu ya korona, US Open ilikuwa imeweka mitambo katika viwanja vyote isipokuwa viwili vikubwa. Mama yule alikuwa miongoni mwa wachache waliobakizwa, na mpira ukamfuata huko huko!

Lakini kuwaondoa si sawa na kuwalinda. Mitambo ililetwa zaidi kwa sababu inaona vizuri kuliko jicho, si kwa sababu ya huruma. Kumlinda mtu kwa kumfuta kazi ni kama kumtibu mwenye kuumwa na kichwa kwa kumkata kichwa. Tena kazi haijaisha kila mahali. Mwaka wa 2025 mashindano ya Ufaransa bado yalitumia waamuzi wa mistari. Mashindano madogo yasiyo na pesa za mitambo bado yanawahitaji. Na hata pale penye mitambo, watu hawajaisha uwanjani. Mwamuzi mkuu yuko, na Gabas aliumizwa akiwa juu ya kiti hicho. Watoto wanaookota mipira wako pia. Mwaka wa 1995 huko Wimbledon, Tim Henman alipiga mpira kwa hasira ukampata msichana mwokota mipira, naye Henman akaondolewa katika mashindano ya wachezaji wawili wawili. Mwaka wa 2023 huko Ufaransa, Miyu Kato wa Japani alirusha mpira upande wa pili, ukampata msichana mwingine, akaondolewa naye. Watoto hao ni wa umri wetu na chini ya wetu. Mashine imeondoa mwamuzi, haikuondoa hasira. Hasira bado iko pale pale, inatafuta wa kumwangukia.

Kwa hivyo maoni yangu kwa ufupi ni haya. Ajali ya mchezo tuisamehe, lakini tujiandae nayo. Hasira tuiadhibu kabla haijamwaga damu. Na mtu akishaumia, swali la kwanza liwe "Umeumia wapi?" na wala si "Je, alikusudia?" Hilo la pili litaulizwa baadaye, mgonjwa akiwa ameshapata maji ya kunywa na mahali pa kuketi.

Nisiwasahau wenzangu wa hapa shuleni. Muhula ujao mechi za madarasa zitarudi, na yuko mtu atakayepewa kile kijiti chenye kitambaa chekundu. Pengine nitakuwa mimi tena, kwa maana mguu wangu bado si wa mpira. Yule wa kidato cha nne sina kinyongo naye, siku hizi tunasalimiana njiani. Ninachoomba ni kimoja. Wanaosimamia michezo wakiona mpira umepigwa kwa hasira, wamtoe mpigaji nje hata kama mpira umeruka juu ya vichwa vyetu ukaenda zake kwenye shamba la mahindi. Mwamuzi ni mtu. Ana sikio, ana jicho, ana koo, na jioni ana nyumbani anakotarajiwa kurudi akiwa mzima.

Wasalaam.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu